Mafuta ya Shemeji Method

Mimi Felisita nachimba nyungunyungu. Haya, cheka, ukimaliza tuendelee. Wavuvi wa ndoano wa ufukwe huu wetu wa ziwa, chini kidogo ya Nyashimo, hapa Busega, wote wamevua kambare kwa chambo changu, na wanangu wamekula kwa sababu ya mchanga wa ufukwe huo.

Balaa alilileta shemeji yangu Method, mdogo wa mume wangu, fundi wa pikipiki na injini za mitumbwi. Kila akibadilisha oili anachimba shimo ufukweni, anamimina ile chafu, anafukia, anakanyagia kwa mguu. Nikimgombeza ananicheka. "Shemeji, mchanga unachuja. Ona maji yalivyo meupe!"

Maji meupe, sawa. Nyungunyungu je? Mwanzo walitoka wamelegea. Baadaye wakatoka wamekufa. Konokono nao wakabaki magamba matupu. Na watu, Mungu awasamehe, wakamsifu Method kwamba ufukwe sasa ni msafi, hata mdudu hakuna!

Nikachoka. Mwenyekiti wa kijiji, Mihayo, alipoitisha mkutano palepale ufukweni, nilikwenda na jembe langu. "Baba, maneno sina. Tazama mwenyewe." Nikachimba mbele ya wote. Shimo likajaa maji meusi yanayong'aa, harufu ikatupanda puani. Nikasimama kifua mbele, nikingoja Method aumbuke.

Mihayo akachovya kidole, akanusa. Macho yakamtoka.

"Mafuta!" akapiga kelele. "Jamani, Busega tuna mafuta!"

Weee! Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata harusini sijavisikia. Nikapaza sauti, "Ni oili ya Method hiyo!" Nani asikie? Jirani yangu Benedikta akanikumbatia huku analia. "Wabeja, mayu! Asante, mama, umetutoa kwenye umaskini!" Nikamgeukia Method aseme ukweli. Akatazama miguu yake, kisha akasema, "Mimi siku nyingi nilihisi hapa kuna kitu."

Kesho yake ufukwe ukazungushiwa miiba mpaka wataalamu waje. Mlinzi ni nani? Method! Mimi nikakatazwa kukanyaga, eti jembe langu litaharibu utajiri wa kijiji. Wageni wanakuja kutazama, na shimo halikauki kamwe, maana mlinzi mwenyewe analiongezea. Wataalamu hatujawaona. Wavuvi wangu wamehamia ufukwe mwingine, na mimi nashinda nyumbani nikiwadanganya watoto kwa uji. Inaniuma, sifichi.

Jana Method akaja, mshipi mkononi. Kulinda kunachosha, alitaka kambare wa kitoweo.

"Shemeji, chambo hakuna?"

Nilidhani nitamtukana. Badala yake nikaingia ndani, nikatoa jembe, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima.

"Nenda kachimbe kwenye kisima chako cha mafuta, baba. Ukipata hata mmoja aliye hai, niite nije kupiga vigelegele."