Kielelezo cha Koridoni

Jumatatu asubuhi Ziada alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mazingira mjini Lindi kwa mara ya tano, mkononi chupa ya maji na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Maji yalitoka kisimani kwake. Kampuni ya chumvi ilikata mikoko yote nyuma ya kijiji, ikachimba mabwawa, na tangu hapo maji ya bahari yanapenya chini kwa chini. Kibali cha kukata kilitoka ofisi hiyohiyo, tena kwa siku tatu. Kumbe kuharakisha wanajua!

Kisima kilichimbwa na marehemu mumewe, Abdurahmani, kwa sululu na mikono yake, akakitoa sadaka. Kila anayekunywa, thawabu zinamfikia kaburini. Sasa hanywi mtu. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma Ziada.

“Shikamoo, mama,” alisema Bwana Valentini, afisa wa malalamiko.

“Marahaba. Nimeleta tena.”

“Chupa haitoshi. Nitajuaje imetoka huko?” Akaandika kwenye faili, bila hata kuinua macho: Mlalamikaji alete chanzo chenyewe.

Aliandika tu ili foleni isogee. Lakini Ziada alikuwa mtu wa kufuata barua za serikali neno kwa neno. Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, aliking'oa kisima. Alilegeza udongo kuzunguka ukingo wa saruji, akakivuta taratibu chote, mita tisa na maji yake, akakikunja kama mkeka na kukifunga kwa kanga. Pakabaki mchanga mtupu. Pale Kiranjeranje alipopanda basi, konda alisema mzigo unaovuja ukae kwenye buti. Ziada akakataa, akakipakata hadi Lindi, nguo zimemlowa chapachapa.

Debora wa mapokezi aliandika kwenye kitabu cha wageni: mtu mmoja, kisima kimoja. Ziada akakitandika koridoni, karibu na chumba cha mikutano. Kikashuka mita tisa, ingawa chini ya sakafu ile palikuwa na stoo ya mafaili.

Bwana Valentini alionja, akatema.

“Kweli, yana chumvi,” alisema, akaagiza maji ya chupa asukutue. “Tumeona, mama. Nenda, tutakuandikia.”

“Na kisima changu?”

“Hicho sasa ni kielelezo. Kinabaki.”

Kikapakwa namba kwa rangi nyeupe, kama viti na makabati. Wiki mbili baadaye kamati ilikutana kuongeza muda wa kibali cha kampuni. Wajumbe walipita koridoni mmoja mmoja, wakakunja suruali, wakakiruka kisima, wakaingia ndani na kusaini. Hata haya hawana!

Mwezi uliofuata barua ilifika kijijini. Wataalamu walikuja na gari wakakagua, ilisema, na hawakukuta kisima chochote mahali palipotajwa. Malalamiko yamefungwa.

Ziada aliisoma mara mbili. Akachukua kopo na kamba, akapanda basi.

“Kielelezo hakichotwi bila kibali, bibi,” alisema Debora.

“Aliyekichimba alikuomba kibali wewe?”

Akateremsha kopo. Akaketi ukingoni, akasema bismillahi, akanywa. Chumvi ilimkaba koo, machozi yakamtoka, akapumzika, akaendelea mpaka akalimaliza kopo zima. Watu kwenye foleni walisogeza miguu wasimwagikiwe.

“Yamfikie Abdurahmani,” alisema. “Na nyinyi Mungu anawaona, washenzi wakubwa.”

Bwana Valentini alitoka ofisini kwake na chupa ya maji mkononi. Akauruka ukingo, akamwambia kwa upole kwamba fomu za kibali cha kuchota zinatolewa dirisha la pili, na dirisha hufungwa saa tisa.