Picha Iliyokwama Jichoni mwa Nyanjige

Siku ya pili ya kliniki ya macho mjini Bariadi, Nyanjige aliketi kwenye kiti cha plastiki, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaanza kuonyesha kwa kidole upande ambao kila herufi ya ubaoni ilielekea. Alizipata zote isipokuwa za katikati. Pale katikati, alisema, kuna kitu kimekaa tangu msimu wa kupanda, na hakisogei.

Macho yake yalikuwa mekundu. Kuni ni adimu kwao Migato, kwa hiyo miaka arobaini alikuwa amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake hauna adabu. Lakini jicho jekundu la bibi kizee, watu hawalielezi kwa moshi. Wapo walioitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo, na ni aibu yetu hata kama tunaisema kwa kunong'ona. Nyanjige alikuwa amezoea kuongea na watu huku akitazama chini.

Mtaalamu wa macho, Specioza, alimmulika kwa kitochi chenye lenzi. Nyuma ya jicho la kushoto akaona mwanamume mwenye koti la mvua la kijani aking'oa minyaa ya mpakani na kuipanda upya ndani kabisa ya shamba la mtu. Akimaliza, anaanza tena. Alikuwa kichwa chini miguu juu, kama picha zote zinavyokuwa humo.

"Mayu, mama yangu, jicho limeipokea picha, ila ubongo umekataa kuichukua," alisema Specioza. "Ndiyo maana imekaa hapo. Huyu ni nani?"

"Kwani nimemwona?"

Binti yake, Minza, akainama akachungulia. "Ni baba mdogo Luhaga."

"Hapana," alisema Nyanjige. "Luhaga ni shemeji yangu. Ndiye aliyechimba kaburi la baba yako."

Specioza akaandika kwenye kadi: picha imekwama, jicho la kushoto, mgonjwa haamini.

Minza hakuridhika na kadi. Kipande kilichomegwa cha shamba la mama yake ndicho chenye unyevu, na bila hicho akiba yake ya mtama isingefika Januari. Akapeleka malalamiko kwa Ngassa, mwenyekiti wa kitongoji, na Jumamosi kikao kikaitwa. Specioza alikuja kwa pikipiki, kitochi mkobani. Watu wakapanga foleni, wakachungulia mmoja mmoja. Nyanjige alijitahidi asipepese macho.

"Ni Luhaga," alisema Ngassa. "Hata koti ni lake."

Luhaga hakulikana koti. Aliuliza tu, kwa upole, "Lakini mbona niko kichwa chini?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa pale asiyejua ni watu gani hutembea kichwa chini miguu juu.

Specioza akaeleza. Mwanga unapita kwenye kitundu kidogo, unapishana humo, na kila kitu kinafika kikiwa kimepinduka. Ubongo ndio unaokisimamisha. "Hata wewe mwenyekiti, nikikutazama sasa hivi, umo jichoni mwangu miguu juu."

Ngassa akarudi nyuma hatua moja. "Kumbe na wewe?"

Minza akaomba yamulikwe macho ya Luhaga mwenyewe. Luhaga akayafumba, na akabaki ameyafumba mpaka kikao kikaisha. Hilo hakuna aliyelitilia shaka.

Ikaamuliwa kwamba Nyanjige alikuwa amempindua shemeji yake kwa uchawi, na ndiyo sababu mgongo wa Luhaga ulikuwa ukiuma tangu msimu wa kupanda. Mpaka ubaki ulipo sasa. Mtoto yeyote asitumwe kuomba moto kwa Nyanjige. Mtaalamu aondoke kabla jua halijazama. Watu wazima arobaini walikuwa wameuona ukweli, kila mtu kwa zamu yake, na bado mwenye nguvu akapishwa. Inakera hata kuisimulia.

Mwezi wa tano, Nyanjige akisonga ugali, ubongo wake uliichukua ile picha. Aliiona imesimama wima. Luhaga, mnyaa mkononi, anainua uso, anamwona shemeji yake amesimama mlangoni, anapunga mkono. Na pembeni mwa picha kuna mkono mwingine, wa Nyanjige mwenyewe, unampungia.

Kile kitu cha katikati kikatoka. Aliona vizuri mpaka mwisho wa shamba, ambako mtama wa Luhaga ulikuwa umekomaa. Akaepua ugali, akatoka nje.

Luhaga alikuwa akipita na baiskeli, masuke yamefungwa nyuma.

"Mwadila, shemeji," alisema, akipunga mkono.

Mkono wa Nyanjige ulikuwa umeshainuka.