Barabara Iliyojikunja

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano, Mama Greda alikuwa akizibua mtaro wa kilomita ya saba. Saa kumi kamili barabara ikajikunja. Ilianzia kule hospitalini, ikaja taratibu, lami ikijiviringisha na mistari yake myeupe kama mkeka baada ya wageni kuondoka, ikatulia miguuni pake. Nyuma yake palibaki mawe na mashimo.

Mama Greda, msimamizi wa matengenezo kwa miaka kumi na tisa, alitazama saa yake. Sheria ya fedha za barabara ilikuwa imeisha muda. Miaka sita mfululizo wabunge walikuwa wakiiongezea miezi mitatu mitatu, kila mara dakika za mwisho. Safari hii walikwenda mapumziko ya wikiendi bila kupiga kura.

Kaka yake akapiga simu. Figo zake zilikuwa zimeshindwa, na kila Jumatatu na Ijumaa jioni alisafishwa damu hospitalini.

"Gari la kunipeleka limegeuza," alisema. "Na Jumatatu itakuwaje?"

"Nitawapelekea hii barabara yao."

Jumatatu aliitia begani. Ilikuwa nzito kama godoro lililolowa. Mlinzi wa lango la bunge aliipapasa, akaandika daftarini: barabara, moja.

"Dada, iegemeze pale nyuma isizibe mlango," alisema mwenyekiti wa kamati ya barabara, akaendelea na chai yake.

Walibishana saa nne nzima. Mbunge mmoja kijana akauliza kwa nini wasiiongezee sheria miaka mitano ili watu wapumue.

"Tukiwapa mitano," mwenyekiti akamjibu, "nani atatupigia magoti tena?"

Wenzake wakacheka. Kijana naye akacheka, akachelewa kidogo.

Mama Greda akasimama. "Mheshimiwa, kaka yangu amevimba mpaka usoni. Hawezi kulala chali, anakosa pumzi."

"Imeingia kwenye kumbukumbu."

Saa tisa wakapitisha: miezi mitatu, pamoja na kifungu kipya kwamba barabara iwepo mahali ambapo mwenyekiti wa kamati ana shughuli. Barabara ikajikunjua palepale. Ilipita katikati ya viti, waheshimiwa wakainua miguu, ikateremka ngazi kuelekea shambani kwa mwenyekiti. Karani akamletea Mama Greda karatasi ya kukiri kwamba mzigo umepokelewa. Akatia sahihi, kwa kuwa bila sahihi asingeruhusiwa kutoka getini.

Jioni hiyo majirani walimbeba kaka yake kwenda hospitalini, juu ya mlango waliong'oa kwenye bawaba. Kwenye kilomita ya nne akawaomba wamtue apumzike. Hawakumwinua tena akiwa hai.

Siku ya maziko mwenyekiti alikuja kutoa pole. Lami ilitangulia mbele ya gari lake, ikapanda kilima cha makaburi, ikakoma hatua mbili kutoka kwenye shimo. Alishuka na viatu visivyo na vumbi, akamshika Mama Greda mkono.

"Kazi ya Mungu, dada."

"Ni kazi yenu," alisema Mama Greda.

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni kama vile hakusikia, akamwambia dereva wake awashe gari. Barabara ikaanza kujikunja nyuma ya magurudumu. Waombolezaji waliokuwa wamesimama juu yake wakashuka mmoja mmoja kuipisha, kisha wakachukua majembe.