H Moja ya Ziada

Mteja wa kwanza wa Jumanne ile aliweka kompyuta ya mkononi juu ya kaunta, akaisukuma mbele kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula asichokitaka. Fundi alikuwa anapanga skrubu kwa ukubwa ndani ya kifuniko cha kopo. Alimaliza saizi ya tatu kwanza, kisha akainua macho, akamjua. Alikuwa mkuu wa chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya barabara. Miaka mitano nyuma alisimama kaburini kwa dada yake fundi, akasoma rambirambi za mistari kumi na miwili. Yeye hakumkumbuka fundi. Wafiwa huwa wengi, na rambirambi huwa moja.

Kompyuta ilikuwa ya kijivu, kuukuu, kona moja imeyeyuka kidogo. Mkuu alieleza kwamba aliinunua yeye mwenyewe siku chuo kilipouza mashine zake chakavu, na kwamba ukiiwasha inadai neno la siri kabla haijaamka sawasawa, na aliyeliweka hayupo tena. Aliwahi kuitupa kwenye shimo la taka la chuo. Asubuhi akaikuta mezani kwake, imepanguswa vumbi. Akampa mlinzi, mlinzi akairudisha siku ya pili akisema inakataa umeme wa watu wengine. Akaimwagia mafuta ya taa akaiwasha moto. Kona ile ndiyo hasara yote iliyopatikana. Aliyasema haya kwa uchovu, kama mtu anayelalamikia paka wa jirani.

Fundi alitaka kujua kama chaja nayo ilikuwa inarudi. Mkuu akasema chaja haijawahi kurudi. Fundi akaandika daftarini: haina chaja.

"Fundi, mimi sitaki maajabu," mkuu alisema. "Nataka ifunguke na kilichomo kifutwe. Ikishakuwa tupu haitakuwa na cha kunifuatia. Mwisho wa mwezi nina usaili wa ukurugenzi."

Fundi alimpa karatasi ya kazi. Pale dukani kila mteja aliandika shida yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wateja wana tabia ya kusahau walichoagiza. Mkuu aliandika mistari mitatu, akasaini, akaondoka. Fundi aliikunja karatasi bila kuisoma, akaiweka chini ya kopo. Huo nao ulikuwa utaratibu wake: anachunguza mashine kwanza, ndipo anasoma maneno ya mwenyewe. Mteja akikutajia ugonjwa mapema, alisema, unaishia kuugua naye.

Mezani kwa dada yake ndiko mashine ile ilikotoka. Fundi alikuwa ameitambua kwa kibandiko kidogo cha kijani pembeni mwa kitufe cha kuwashia. Dada yake alikuwa karani wa mitihani pale chuoni kwa miaka kumi na minane, na alikuwa mtu wa tahajia. Mabango ya watu aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu akiwa njiani kwenda kazini. Bwana mmoja, mpole na mwenye kazi nzuri, alimwandikia barua ya posa; ikamrudia na masahihisho saba, na hakuandika tena. Kisha ukatokea mwaka ambao matokeo ya watahiniwa ishirini na wawili yaligeuzwa, waliofaulu wakafelishwa na waliofeli wakafaulishwa. Kamati ikaletewa barua ya kukiri iliyochapwa na kuwekwa jina la karani. Ilisema: mimi ndiye niliyebadili halama za wanafunzi. Alifukuzwa siku ile ile. Nyumbani hakusema neno jingine kwa wiki nzima ila moja. "Sikuandika hivyo," alisema. "Hata ningekuwa mwizi, ningeiba kwa tahajia." Presha ikampanda, na baada ya miezi miwili wakamzika.

Mama yao, mshonaji, alishona gauni la mazishi mwenyewe. Tangu hapo swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kila Ijumaa akikata uzi kwa meno: "Jina la mwanangu limesafishwa?"

Fundi alijibu kila Ijumaa kwamba bado. Hakuwahi kumtuhumu mtu. Huenda mkuu aliletewa barua ile akaiamini, alijiambia, kama watu wanavyoamini karatasi yenye muhuri. Kuhukumu ni kama kuchomelea: ukishaunganisha vibaya, kutenganisha ni kazi.

Alianza kwa njia ya kawaida. Alifungua kava la chini, akachomoa betri kubwa, kisha ile ndogo ya mviringo inayoilinda kumbukumbu ya bodi, akaiacha mashine wazi hadi baada ya chakula cha mchana. Mashine za zamani zikinyimwa umeme hivyo husahau kila kitu. Hizi za baadaye huweka neno la siri katika chipu yake ya peke yake, na chipu ile haisahau hata uinyime umeme mwaka mzima. Aliporudisha betri na kuiwasha, kikatokea kisanduku cheupe: Neno la siri.

Alijaribu maneno ya jumla yaliyomo katika daftari lake. Ukikosea mara tatu, mashine nyingi hujifunga na kutoa namba. Hii iliandika: Si hilo. Rudia tena, taratibu.

Fundi alinakili ujumbe ule, pamoja na mkato na nukta zake. Akajaribu tarehe ya kuzaliwa ya dada yake, kisha jina la mama. Si hilo. Rudia tena, taratibu. Ndivyo dada yake alivyomfundisha kusoma, kwa maneno hayo hayo, akiwa amekaa nyuma yake na kidole juu ya mstari.

"Dada," fundi alisema kwa sauti ya chini, "ni mimi."

Mashine haikujibu. Dada yake hakuwa mtu wa kupiga soga kazini.

Kesho yake saa tatu, uchunguzi ulipokamilika, fundi alitoa karatasi chini ya kopo akaisoma. Mkuu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: Kompyuta hii inadai neno la siri. Ndani kuna halama za wanafunzi. Halama zote zifutwe.

Aliisoma mara tatu, kwa sababu ndivyo alivyosoma kila kitu. Kisha akainuka, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akarudi kukaa. Aliandika kwenye kisanduku: alama. Mashine ikajibu: Si hilo. Umekaribia.

Akaongeza herufi moja mbele, na mashine ikafunguka.

Karani alipewa saa moja ya kukusanya vitu vyake siku ile. Saa hiyo aliitumia kuchagua kufuli. Alichagua neno ambalo mtu anayejua kuandika asingelibahatisha maishani, na ambalo mtu mmoja tu angeliandika bila kujua kwamba amekosea. Nyuma ya kufuli aliacha jedwali la alama halisi, na jingine linaloonyesha kila badiliko, saa yake, na kwamba yote yalifanywa kutoka kwenye mashine ya ofisi ya mkuu.

Katika jedwali la kwanza, mstari wa tisa, alikuwemo mchonga funguo wa kibanda cha jirani, aliyesomea umeme pale chuoni akafelishwa. Fundi alimwita, akamwonyesha. Themanini na nne, umeme wa majumbani. Mchonga funguo aliangalia kwa muda.

"Kumbe," alisema. Halafu akasema, "Na aliyepewa yangu ndiye aliyefunga nyaya za hosteli. Ndiyo maana ukiwasha taa za kule, pasi ya jirani inapata moto." Akarudi kibandani, kwa maana kulikuwa na mtu anasubiri ufunguo wa kabati.

Fundi alichapa majedwali yote nakala tatu. Angeweza pia kufuta kama alivyoagizwa. Ilikuwa kazi ya dakika nne, na mashine ingetulia, na mkuu angeizika kwa amani. Aliifikiria amani hiyo ya mkuu kwa kadiri alivyoona inastahili. Akabadilisha neno la siri. Akawasha spika, ambazo zilikuwa zimezimwa. Akakaza skrubu kumi na moja, na ile ya kumi na mbili akaitia gundi.

Alhamisi mkuu alikuja.

"Imefunguka?"

"Ilifunguka, mzee. Neno lenyewe uliniandikia wewe." Akamgeuzia karatasi ya kazi.

Mkuu aliusoma mwandiko wake kuanzia juu hadi chini. "Mbona sioni kitu hapa."

"Najua," alisema fundi. "Nimeweka jipya. Ni jina kamili la dada yangu. Lina h mbili, na zote zina kazi."

"Dada yako nani?"

"Karani wako."

Mkuu akasema pole sana, kama wanavyosema watu wakikukanyaga kwenye foleni. Akatoka bila mashine. Ilikuwa imeshakaa kwenye kiti cha abiria cha gari lake, imefungwa mkanda.

Ijumaa fundi aliwapelekea wanakamati majedwali, nakala ya barua ya kukiri aliyopewa dada yake alipofukuzwa, na karatasi ya kazi. Kamati ilikuwa na watu wale wale watano waliomfukuza karani. Walikiri kwamba neno limefanana, h kwa h. Walikiri pia kwamba jambo hilo linaweza kuleta tafsiri mbaya. Wakamwomba asubiri nje, wakajadiliana saa mbili, na uamuzi wao ukatoka kwa maandishi: kuanzia tarehe hiyo, katika chuo hicho, neno lile litaandikwa na kutamkwa kwa h. Kwa hiyo barua ya kukiri haina kosa lolote; na kwa kuwa haina kosa, hakuna cha kuchunguza. Faili likafungwa tena.

Jumatatu mkuu alisimama mbele ya wanafunzi kusoma waraka wa uamuzi huo. Kompyuta aliiacha ofisini, mlango umefungwa kwa ufunguo. Ilikuwa mezani mbele yake. Alipofika kwenye neno halama, ikasema kwa sauti ya dada, si kali wala si ya juu: "Si hilo. Rudia tena, taratibu."

Watumishi wa siku nyingi waliitambua sauti. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba karani yule ndivyo alivyokuwa. Mkuu alirudia: halama. Akaambiwa si hilo. Akarudia. Alipofungua kinywa mara ya nne kusema neno lenyewe, ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analijua, akaona kilichomngoja upande wa pili: akisema alama, waraka umekufa, na barua ya kukiri itatafuta mwandishi wake. Akafunga kinywa. Akakifungua tena. Halama, alisema. Wanafunzi wakaenda darasani wakamwacha anarudia.

Kwenye usaili alirudia kuanzia saa tatu hadi saa saba. Jopo lilivutiwa na msimamo wake, likampa ukurugenzi. Ofisi ya mkurugenzi iko ghorofa ya pili ya jengo lile lile, dirisha lake linatazama barabarani, na kiyoyozi kilichofungwa na yule aliyepewa alama za mchonga funguo hakijawahi kufanya kazi. Dirisha huwa wazi kutwa, na masahihisho husikika hadi ng'ambo.

Ijumaa iliyofuata usaili mama alikuja dukani na mshono wake, na fundi akamweleza yote, bila kupunguza. Jina bado. Mama alikata uzi, akasikiliza upande wa dirisha la mkurugenzi. Tangu siku hiyo cherehani yake iko barazani pa duka la fundi. Hufika saa mbili kasoro kila siku ya kazi, hushona hadi saa kumi sauti inaponyamaza, kisha hukunja vitambaa vyake. Wateja wakimuuliza anachosikiliza, huwaambia ni binti yake mkubwa, amerudishwa kazini.