Delphi ya Ibanda

Papa Marcellin alifundisha historia kule Ibanda, mtaa wa Bukavu, na mtoto wake wa kwanza alimwita Delphine juu ya Delphi, kijiji cha mlimani katika jimbo la Fokida, Ugiriki, ambako watu wa kale walipanda kuulizia mambo ya kesho. Maman Virginie alitaka jina la shangazi yake. Alishindwa, maana kubishana na mwalimu wa historia ni kubishana na wafu: wote wako upande wake.

Mezani walikuwa na mchezo. Papa anauliza, "Delphi, leo mvua itanyesha?" na Delphine lazima ajibu kwa maneno yenye njia mbili, kama kule kwa Wagiriki.

"Mwenye mwavuli hatalowa."

Walicheka, na papa akalowa.

Vita ya pili ilipoingia mjini pamoja na askari wa kigeni, masomo ya papa yalikuwa yamefika zama za kati. Papa akasimulia namna Wafaranki, wageni wa kutoka magharibi, walivyojijengea ngome Fokida, kisha wakaja askari wa Katalunya, waliokodishwa kumpigania mtawala. Mwisho wakamuua huyo mtawala, wakakaa wao.

"Walirudi kwao lini?" Delphine aliuliza.

"Hawakurudi. Walioa wajane."

"Papa, hiyo iko Fokida ao Bukavu?"

"Punguza sauti, maman. Dirisha iko wazi," papa alimwambia binti yake.

Mwezi uliofuata papa alienda Kavumu, nje ya mji, kutafuta maharagwe, asirudi. Ndugu yake, tonton Placide, alishuka kila Jumapili kutoka Bagira na swali lilelile: tuweke kilio ao tungoje? Kwao mtu hawekewi kilio kama hakuna aliyeona maiti. Ni kama kumuua wewe mwenyewe. Maman Virginie akangoja.

Mchana mmoja, maman akiwa sokoni, alikuja Donatien, dereva wa njia ya Kavumu. Alikataa kiti. Alisema papa alipigwa risasi barabarani, na yeye mwenyewe alisaidia kumzika katikati ya migomba ya watu, haraka haraka, kabla askari hawajarudi.

"Umuambie maman wewe," alisema. "Mimi sina kinywa ya kumuambia."

Maman alirudi na beseni la majani ya sombe kichwani. Akaona uso wa binti yake, akalitua polepole. Ule mchezo hakuwahi kuucheza; aliuita upuuzi wa wasomi.

"Delphi," alisema. "Papa yako atarudi?"

Delphine alitafuta maneno ambayo mama angeweza kulala nayo. Kwa hilo alikuwa fundi.

"Papa iko Kavumu. Amepumzika. Hakuna tena mutu wa kumusumbua."

Yote yalikuwa kweli. Maman alishusha pumzi, nusura atabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo, papa alipenda kusema, wafalme waliopanda Delphi walisahau kulifanya: akauliza mara ya pili.

"Amepumzika juu ya kitanda, ao chini ya udongo?"

Safari hii Delphine hakutafuta maneno.

"Chini, maman. Donatien ndiye alimuzika."

Maman alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akajifunga kitenge kiunoni.

"Enda Bagira," alisema. "Muambie Placide alete viti ya kilio."

Delphine hakuwa amefika barabarani alipomsikia maman akianza kulia. Alikuwa anamwita mume wake kwa jina la kwao, Murhula, ambalo shuleni hakuna aliyelijua, na mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa ameshaitikia kilio.