Nyongeza ya Mwalimu Emilian

Kila Jumapili baada ya misa, wanaume wa Nambis walijaa dukani kwa Bura kusikiliza taarifa ya habari ya mchana. Kuielewa ilikuwa kazi ya Mwalimu Emilian. Wengi wao walikuwa na Kiswahili cha mnadani, kinachotosha kuuza ng'ombe na kujibizana na mtendaji, lakini watangazaji wa televisheni huongea kama watu wanaokimbizwa. Kwa hiyo Emilian, aliyefundisha uraia mpaka akastaafu, alikaa karibu na skrini akiitoa habari kwa Kiiraqw, sentensi kwa sentensi, bila kupunguza neno. Ikiisha, aliongeza maoni yake.

"Habari ni nusu saa," Bura alipenda kusema, "nyongeza ya mwalimu ni mpaka ng'ombe warudi."

Jumapili moja habari kubwa ilikuwa ya magaidi. Walikuwa wameshambulia kambi ya kikosi cha kulinda amani katika nchi jirani, wakaua askari wanne wa taifa jingine. Mchambuzi mwenye tai nyekundu alisema kwamba kwa ukubwa wa operesheni ile, hasara hiyo ilikuwa ndogo. Emilian akalifasiri hilo, na taarifa ilipoisha akageuza kiti kuwatazama watu.

"Hiyo picha ya gari linaloungua si ya huko. Mwaka jana waliionyesha kwenye habari ya nchi nyingine kabisa. Wanaipenda tu. Na magaidi wanajua inapendwa, ndiyo maana wanachoma magari. Wao wanapata picha, televisheni inapata watazamaji, wanasiasa wanapata hotuba. Mchambuzi peke yake ndiye kasema kitu cha maana. Wagawe hao wanne kwa maelfu waliopo kule. Hasara ni ndogo."

"Mwalimu," akasema Alfredi, mwuza nyama, "Kenneth wako si yuko kule kule? Angekuwa mmoja wa hao, ungegawa?"

Watu wakaguna.

"Hesabu haiulizi nani ana mtoto. Ningegawa."

"Wewe kifuani umewekewa jiwe la kusagia!"

Duka zima likacheka. Emilian naye akatabasamu, kwa sababu alilichukua kama sifa.

Gari la jeshi lilikuja katikati ya wiki iliyofuata, asubuhi yenye ukungu. Hilaria, mkewe, alikuwa amekaa uani akikata mashina ya vitunguu saumu. Kapteni, kijana mrefu ambaye kofia yake ilikuwa tayari mkononi, alisema shikamoo mara mbili, kwa baba na kwa mama, kisha akasimama wima.

"Mzee, kwa masikitiko makubwa, jeshi linawaarifu kuwa kijana wenu Kenneth ametangulia mbele za haki akitekeleza majukumu ya taifa."

Hilaria aliacha kisu juu ya vitunguu. "Baba Kenneth, anasema nini?"

Emilian akamgeukia kama alivyozoea kuwageukia watu dukani. Alianza na masikitiko, akaenda kwenye jeshi, akafika kwenye majukumu. Alikuwa akitafuta namna ya kusema taifa.

"Acha hayo," Hilaria akamkata. "Amekufa?"

"Amekufa."

Kapteni hakuwa amelitamka neno hilo. Emilian akamrudia, akauliza walikuwa wangapi. Wawili, mzee. Akauliza ilikuwa silaha gani, na kama Kenneth alikuwa zamuni au amelala. Kapteni alijibu alichoruhusiwa kujibu. Emilian aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyesoma vizuri. Nyuma yake Hilaria alikuwa ameanza kulia, na majirani walikuwa wakivuka mashamba kwa mbio. Yeye alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda.

Mazishi yalikuwa na bendera, bunduki na viongozi. Mmoja wao alisema damu ya vijana hawa haitapotea bure, na hakufafanua itatumika kwa nini. Mwandishi wa habari alimsogezea Emilian maiki mdomoni kabla udongo haujakauka.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Una swali jingine?"

Mwandishi akaihamishia maiki kwa kiongozi.

Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, Hilaria hakushika njia ya nyumbani. "Leo naenda na wewe kwa Bura," alisema. "Nataka nisikie wakilitaja jina la mtoto."

Hakuna mwanamke aliyezoea kukaa pale. Alfredi alinyanyuka, akamwachia benchi, akaenda kusimama mlangoni bila kumtazama mwalimu usoni.

Habari zilianza na mabishano ya bungeni, zikapita kwenye bei za mbolea, ndipo likatokea lile gari linaloungua, lile lile. Emilian alifasiri: magaidi, kambi, askari wawili wa Tanzania. Hilaria alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, bado ikinuka vitunguu. Akaja mchambuzi, safari hii na tai ya bluu. Kwa ukubwa wa operesheni hii, alisema, hasara bado ni ndogo.

Hata wenye Kiswahili cha mnadani walielewa. Maneno hayo walishayasikia, na walikumbuka nani aliyaunga mkono.

"Amesema nini?" Hilaria akauliza.

Emilian angeweza kusema lolote. Hakuna mtu pale ambaye angemsahihisha.

"Amesema waliokufa ni wachache, ukilinganisha na ukubwa wa kazi yenyewe."

Hilaria alifikiri. "Ni kweli?"

Akagawa. Wawili kwa maelfu. Jibu lilikuwa dogo kuliko la mara ile.

"Ni kweli."

"Na jina? Wamelitaja?"

"Hapana."

"Watalitaja?"

Kwenye skrini uwanja wa mpira ulikuwa umeshajaa rangi ya kijani. Bura alikuwa ameshika rimoti, lakini hakuzima. Watu walikuwa wakimsubiri mwalimu ageuze kiti.

"Sasa wanasema nini?" Hilaria akauliza, macho bado kwenye televisheni.

"Mpira," Emilian akasema. "Wanasema wametoka sare."

Akaendelea kufasiri, sentensi kwa sentensi: aliyefunga, aliyetolewa nje kwa kadi nyekundu, mechi zitakazofuata, na baada ya hapo hali ya hewa, ukungu kwa maeneo ya nyanda za juu. Mtangazaji akaaga, naye akawaaga watu kwa Kiiraqw. Kiti hakukigeuza.