Wala Sina Undugu Naye

...na hii kalamu nayo inateleza, au ni jasho langu, feni ya huyu wakili inazunguka juu haipepei hata nzi, haya saini Zena, saini tuondoke, mstari wenyewe kauwekea alama ya penseli nisipotee, mtu mzima mimi... "Mama, soma taratibu, hakuna haraka," anasema wakili Rogath, hakuna haraka na huku saa kashaitazama mara tatu, maombi ya mkopo wa serikali mwisho leo, na Joyceline asipopata mkopo chuo hana, mimi ada naitoa wapi, duka la kanga lenyewe tangu mume wangu Mbaruku afariki nafungua ili tu watu wasiseme tumefunga... soma basi, "Mimi Zena Abdulhamid, Mwislamu, naapa kwamba mimi si mama mzazi wa Joyceline Polycarp," sawa, hilo kweli, nani asiyejua, mama mzazi ni Severa, mpangaji wangu wa chumba cha uani, Mchaga wa watu, kafa kaniachia mtoto wa siku kumi na mbili, na Polycarp wake alishatangulia, ajali, akienda kwao Moshi Krismasi, vyeti vya vifo vyote viwili hivi hapa mezani, yatima kamili, na yatima serikali inamsaidia, Mungu aipe heri, kosa ni langu mimi, siku ya kumwandikisha darasa la kwanza mwalimu kauliza jina la mama, nikasema Zena, jamani ningesema nani, mtoto kaning'ang'ania baibui analia, basi tangu siku hiyo makaratasi yote ya shule yana mama aliye hai mwenye duka Kariakoo, ndiyo maana leo naletewa kiapo cha kufuta... endelea, Zena, "wala sina undugu naye wa aina yoyote."

Hapo sasa, wa aina yoyote, lo, na ziwa je, Awadhi wangu alikuwa na miezi mitatu, na huyu analia mpaka sauti imemkauka, maziwa ya kopo anatapika, nikampa ziwa la kushoto, Awadhi la kulia, miaka miwili kamili, kwa dini yetu huyu ni mwanangu, Awadhi hawezi kumuoa hata dunia ipinduke, wenyewe wanajua, wanataniana ziwa moja ziwa moja, na sikumbadilisha dini, Jumapili nampeleka kanisani kwa mama yake mimi nakaa nje kwenye benchi na baibui langu watu wananikodolea macho, leo niweke mkono juu ya Msahafu niseme sina undugu naye, astaghfirullah... "Wakili, baba, haya maneno ya mwisho hayafutiki?" "Yanafutika, mama. Ila ukishakuwa ndugu watauliza duka, watauliza leseni, na mkopo utapungua au usije kabisa. Nimewaona wengi." Kasema kwa upole, bora angenifokea, huko chini kipaza sauti cha machinga elfu mbili elfu mbili hakinyamazi hata nifikiri... haya, nitamwambia Mola nilikuwa na shida, atanielewa, na asiponielewa basi, dhambi yangu peke yangu, mtoto hahusiki, nimebeba mengi nitabeba na hili, kuzaa si kazi, kazi kulea, na hii nayo ni kulea, ndiyo, nasaini, bismi... hapana, bismillahi siitii hapa... "Mama." Joyceline huyo, tangu tuingie hajanitazama, macho kwenye sakafu. "Mama, saini tu. Mimi changu nilikula jana." Chako nini? "Kiapo. Wakili alisema lazima na mimi." Na wakili anavuta karatasi nyingine kwenye faili, muhuri umeshakauka, "Mimi Joyceline Polycarp, Mkristo, naapa kwamba Zena Abdulhamid si mama yangu, wala sina undugu naye," na saini yake, ile jei yenye mkia mrefu, kumbe jana alipanda ngazi hizi peke yake, kaweka mkono juu ya Biblia, miaka kumi na tisa, kasema maneno haya kwa mdomo wake, kisha karudi nyumbani, shikamoo mama, kala ubwabwa, kaosha vyombo, namuuliza mbona kimya ananiambia kichwa, nikampa panadoli, mie juha nampa panadoli namwambia kalale... na mimi hapa nahesabu dhambi kuwa ni yangu peke yangu, kumbe mwenzangu kashaibeba zamani, hakunishirikisha, alijua nitakataa, nisiposaini kiapo chake kimekwenda bure na chuo hakuna, nikisaini tumekanana wote wawili kwa muhuri, "Mama?" anauliza wakili, na sisogezi mkono, nataka kumgeukia huyu mtoto nimgombeze, nimgombeze mpaka alie, nani alikutuma, nani alikwambia... namgombeza kama nani?